Elimu ya Malezi Iliyozaliwa Vijijini Uganda

Mwanafunzi wa ualimu anayeandaliwa kufunza watoto wa chekechea hukariri majina mengi ya wataalamu wa saikolojia. Hufundishwa Piaget wa Uswisi, Freud wa Austria, Pavlov wa Urusi na mbwa wake, na Skinner wa Marekani na njiwa wake. Mtihani ukishapita, majina hayo husahaulika. Wala hilo si la kustaajabisha, kwa kuwa yanamjia kama habari za nchi za mbali zisizomgusa yeye wala watoto atakaowafunza. Hata hivyo, katika orodha hiyo hiyo limo jina moja ambalo lingepasa kutuzindua sisi wa Afrika Mashariki kuliko mengine yote. Ni jina la Mary Ainsworth, profesa wa saikolojia aliyefariki mwaka wa 1999. Vitabu vingi humtaja kama Mmarekani aliyechunguza watoto katika chumba cha maabara mjini Baltimore. Ni vichache vinavyoeleza kwamba kabla ya Baltimore kulikuwa na Kampala, na kwamba msingi wa elimu yake ulijengwa katika sebule za akina mama wa Kiganda.

Mimi si mwanasaikolojia. Kazi yangu ni isimu, na maisha ya mama huyu yalinivutia kwanza kwa sababu ya lugha. Lakini kwa kuwa nimezaliwa na kulelewa Adu, katika Magarini, ambako mtoto hubebwa mgongoni kwa leso hadi shambani na kisimani, nimeona kwamba maisha hayo yana funzo kwa walimu wetu linalopita mipaka ya taaluma yangu. Ndiyo maana nayasimulia hapa.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Glendale, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kwa jina la Mary Dinsmore Salter. Alikuwa mkubwa miongoni mwa mabinti watatu. Mwaka wa 1918 baba yake alihamishiwa kazini Kanada, na familia ikafanya makao Toronto. Ilikuwa nyumba ya watu wapendao vitabu. Akiwa na umri wa miaka 15 alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall kuhusu tabia na mwenendo wa maisha, na humo akagundua jambo lililomshangaza: kwamba mtu anaweza kutafuta sababu za hisia na matendo yake ndani ya nafsi yake mwenyewe, badala ya kuzisingizia hali za nje tu. Tangu siku hizo alikata shauri kuwa mwanasaikolojia.

Aliingia Chuo Kikuu cha Toronto mwaka wa 1929 akiwa na miaka 16 hivi. Hapo ndipo alipopata shahada zake zote: ya kwanza mwaka wa 1935, ya uzamili mwaka wa 1936 na ya uzamifu mwaka wa 1939. Mwalimu aliyemwathiri zaidi alikuwa William Blatz. Huyu alifundisha kwamba mtoto huhitaji kwanza kujihisi salama kwa wazazi wake, ndipo apate ujasiri wa kwenda kuujua ulimwengu. Kwa maneno mengine, mtoto hajitegemei kwa kunyimwa wa kumtegemea, bali kwa kuwa naye. Tasnifu ya Mary ilihusu dhana hiyo ya usalama wa nafsi, na dhana hiyo aliibeba maisha yake yote.

Njia yake haikuwa nyepesi. Chuo Kikuu cha Queen's, huko huko Kanada, kilitaka kumwajiri, lakini baraza lake likakataa kwa sababu alikuwa mwanamke. Mwaka wa 1942, vita vikiwa vimepamba moto, alijiunga na kikosi cha wanawake katika jeshi la Kanada, akashughulika na uteuzi wa askari na kupanda hadi cheo cha meja. Vita vilipokwisha alirudi Toronto kufundisha, na akazama katika upimaji wa nafsi kwa njia ya madoa ya wino, mbinu iliyoasisiwa na Rorschach. Mwaka wa 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, askari wa zamani aliyekuwa akisomea saikolojia, wakahamia London ili mume akamalize masomo yake ya uzamifu.

Huko London, mke huyo mwenye shahada ya uzamifu na cheo cha meja hakuwa na kazi. Rafiki alimwonyesha tangazo gazetini: daktari John Bowlby wa kliniki ya Tavistock alikuwa akitafuta mtafiti wa kuchunguza athari za mtoto kutenganishwa na mama yake. Aliomba, akaipata. Bowlby alikuwa ameandikia Shirika la Afya Duniani ripoti, iliyotolewa mwaka wa 1951, iliyoonyesha madhara yanayowapata watoto waliokosa malezi ya mama katika vituo na hospitali. Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: ni kitu gani hasa kinachomfunga mtoto kwa mama hata kikikatika aumie hivyo? Jibu la wengi zama hizo lilikuwa chakula. Mtoto humpenda mama, walisema, kwa kuwa mama ndiye chanzo cha maziwa. Bowlby alianza kushuku jibu hilo. Alisoma habari za vifaranga vya bata bukini vinavyomfuata mama yao hata pale ambapo havilishwi naye, akawaza kuwa binadamu naye huenda huzaliwa na silika ya kumwambata mlezi wake kwa ajili ya ulinzi. Mary hakukubaliana naye. Yeye bado alikuwa upande wa chakula.

Katika hali hiyo ya kutokubaliana ndipo alipokuja Afrika. Mwanzoni mwa 1954 mumewe alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Makerere, Kampala. Mary alimfuata kama mke, naye akatafuta nafasi ya kufanya utafiti wake mwenyewe. Tukumbuke kwamba huo haukuwa wakati mwema kwa Mzungu kubisha hodi katika nyumba za Waganda. Mnamo Novemba 1953 gavana wa Kiingereza alikuwa amemfukuza nchini Kabaka Mutesa wa Pili, na Kabaka hakurudi hadi Oktoba 1955. Uchungu ulikuwa umeenea Buganda nzima. Pamoja na hayo familia 26 za vijiji vilivyo karibu na Kampala, zenye watoto wachanga 28, zilimfungulia mlango.

Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza desturi aliyokuwa ameisikia: kwamba mtoto wa Kiganda anapoachishwa ziwa hupelekwa kwa nyanya yake ili alisahau titi la mama. Kumbe desturi hiyo ilikuwa imeshapungua sana. Badala ya kufunga daftari lake, aliamua kutazama tu kile kilichokuwapo. Kila baada ya wiki mbili alizuru kila nyumba, akakaa muda wa saa mbili hivi alasiri, wakati akina mama wamemaliza kazi za asubuhi na wanapokea wageni. Aliendelea hivyo kwa miezi hadi tisa. Alijifunza Kiganda kiasi, lakini mazungumzo yenyewe yalipitia kwa mkalimani wake, Katie Kibuka.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana ndipo penye uzito kwa mwanaisimu. Utafiti huu haukutegemea mizani wala saa pekee. Ulitegemea maneno ya mama kuhusu mwanawe. Mama huyu aliulizwa habari za mtoto akajibu kwa mkato. Yule akaeleza bila kuhimizwa jinsi mwanawe anavyolala, anachokiogopa, mlio wa njaa na mlio wa usingizi unavyotofautiana. Ainsworth alitambua kwamba tofauti hiyo ya maelezo ilikuwa yenyewe ushahidi mkubwa. Akina mama waliokuwa na mengi ya kusimulia ndio walioangalia zaidi, na watoto wao ndio waliokuwa watulivu zaidi. Lakini kila neno kati ya hayo lilinenwa kwa Kiganda, likapita katika akili na kinywa cha mkalimani kabla ya kuingia katika daftari la Kiingereza. Lau Katie Kibuka angefupisha, kama wafanyavyo wakalimani wengi waliochoka, tofauti kati ya mama na mama ingepotea njiani, na pamoja nayo ingepotea nguzo mojawapo ya elimu hii. Tunaposoma vitabu vya Wazungu waliotafiti Afrika, tujizoeze kuuliza ni nani aliyekuwa amekaa kati ya anayeuliza na anayejibu.

Aliona nini katika sebule hizo? Aliona mtoto anayejifunza kutambaa akimwacha mama, akienda kugusa kikapu au kumchungulia mgeni, kisha akigeuka kumtazama mama, akirudi kumgusa, na kuondoka tena. Mama alikuwa kama bandari kwa chombo: ndiyo mahali pa kutweka tanga na mahali pa kutia nanga. Aliona pia kwamba mtoto hangoji tu kulishwa. Yeye mwenyewe huita, hunyosha mikono, hufuata, humng'ang'ania mtu mmoja na kumkataa mwingine, hata kama huyo mwingine ana chakula. Aidha aliona watoto wakiwashika kwa mapenzi baba, nyanya na ndugu ambao hawakuwa wakiwanyonyesha. Nadharia ya chakula ikamwanguka mbele ya macho yake. Bowlby alikuwa na fikira. Ainsworth alikuwa sasa na ushahidi, nao ulitoka Buganda.

Aliwagawa wale watoto 28 katika makundi matatu. Watoto 16 walikuwa na utulivu: walilia kwa nadra mama alipokuwa karibu, na walichezacheza kwa raha. Watoto 7 hawakuwa na utulivu: walilia sana hata wakiwa mikononi mwa mama. Watano waliosalia walikuwa bado hawajaonyesha kumbagua mama na watu wengine. Alipotafuta kilichotenganisha makundi hayo, aliona kwamba jambo kubwa lilikuwa jinsi mama alivyomfahamu na kumwitikia mwanawe, na furaha aliyokuwa nayo katika kumnyonyesha.

Waliondoka Uganda mwaka wa 1955, wakaenda Baltimore. Mary aliajiriwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambako walimu wa kike hawakuruhusiwa kula chakula katika ukumbi mmoja na wenzao wa kiume. Mwaka wa 1958 akapewa nafasi ya kudumu kama profesa mshiriki. Ndoa yake ilivunjika mwaka wa 1960, wala hakujaliwa mtoto. Madaftari ya Uganda yalikaa naye muda mrefu. Kitabu chake juu ya utoto nchini Uganda kilitoka mwaka wa 1967, zaidi ya miaka kumi baada ya utafiti wenyewe.

Mwaka wa 1963 alianza kufanya Baltimore kile alichokifanya Buganda. Alichagua familia 26, na yeye na wasaidizi wake wakazuru kila nyumba mara 18 katika mwaka wa kwanza wa mtoto, jumla ya saa 72 hivi kwa kila nyumba. Alikuta mengi yanayofanana na Uganda, na machache yasiyofanana. Mtoto wa Kiganda alimlaki mama kwa kupiga makofi, ilhali wa Kimarekani alikumbatia na kubusu. Tena mtoto wa Kiganda alilia upesi mama alipoondoka, lakini wa Kimarekani, aliyezoea kumwona mama akitoka na kuingia chumba hiki na kile, aliendelea na michezo yake. Ule mwendo wa chombo na bandari haukuonekana waziwazi nyumbani.

Kwa sababu hiyo ndipo alipobuni jaribio lililompa jina duniani, liitwalo Hali Ngeni. Mama na mtoto wa mwaka mmoja huingizwa katika chumba wasichokijua, chenye vitu vya kuchezea. Mgeni huingia, mama hutoka, mama hurudi, hutoka tena, na hurudi tena. Yote hayo huchukua dakika 20 hivi. Watazamaji wengi hudhani kinachopimwa ni kilio cha mtoto mama anapoondoka. La hasha. Kinachopimwa zaidi ni anachofanya mama anaporudi. Yuko anayemkimbilia, akatulizwa, akarudi kucheza. Yuko anayempa mama kisogo kama asiyejali. Na yuko anayemng'ang'ania huku akimpiga kwa hasira, asitulizike. Katika kitabu alichokitoa na wenzake mwaka wa 1978, kilichokusanya habari za watoto 106, wale wa aina ya kwanza walikuwa karibu theluthi mbili.

Kuna matokeo mengine ya Baltimore ambayo mwalimu wa chekechea anapaswa kuyajua kabla ya hayo yote. Mwaka wa 1972 yeye na Silvia Bell walionyesha kwamba watoto ambao akina mama waliwaitikia upesi walipolia katika miezi ya mwanzo ndio waliolia kidogo zaidi mwisho wa mwaka, na ndio walioanza mapema kutumia ishara na sauti badala ya kilio. Wasomi wa mkondo wa Skinner walipinga vikali, wakishikilia kwamba kumchukua mtoto anayelia ni kumtuza kilio. Ubishi huo ulidumu miaka mingi.

Lugha yetu ina la kusema katika ubishi huo. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo Wazungu hao wangenufaika navyo: kubembeleza na kudekeza. Kubembeleza ni kumtuliza mwenye dhiki. Kudekeza ni kumpa asiye na dhiki kila anachotaka hadi akaharibika. Mswahili hawezi kuyachanganya mambo hayo mawili, ingawa watu wazima wenye hasira huyachanganya kila siku. Alichothibitisha Ainsworth, kwa saa nyingi za kutazama, ni kwamba kubembeleza hakuzai kudeka. Ama kuhusu istilahi ya dhana yake kuu, wapo wanaoiita mshikamano, lakini neno hilo limeshachukuliwa na wanasiasa na vyama vya wafanyakazi. Mimi napendelea mwambatano, kutokana na kuambata, kwani kinachoelezwa ni kitu kidogo kinachojishikiza kwa kikubwa ili kisichukuliwe na maji.

Mwaka wa 1975 alihamia Chuo Kikuu cha Virginia, akafundisha huko hadi alipostaafu mwaka wa 1984. Aliacha wanafunzi waliokuwa mabingwa, akiwemo Mary Main, aliyetambua pamoja na mwenzake aina ya nne ya watoto, wale wanaomwogopa yule yule wanayemkimbilia. Alifariki Charlottesville tarehe 21 Machi 1999 akiwa na miaka 85.

Haifai kumsifu mtu pasi na kumhoji. Jaribio lililobuniwa kwa ajili ya watoto wa Baltimore lilienezwa ulimwenguni kama kipimo cha watoto wote, na wengi wakasahau kwamba Ainsworth mwenyewe alilibuni kwa sababu za mahali. Mtoto ambaye hajawahi kuachwa peke yake hata dakika moja ataliona jambo hilo kuwa msiba, si jaribio. Fauka ya hayo, watafiti waliokuja Kenya baadaye, miongoni mwao Herbert na Gloria Leiderman waliofanya kazi Ukikuyuni, walieleza malezi ambayo mama husaidiwa na dada wadogo na jamaa wengine, na mtoto akawaambata wote. Methali yetu kwamba mkono mmoja haulei mwana ilikwisha kulisema hilo zamani. Lakini ni haki kuongeza kwamba madaftari ya Uganda hayakulikana jambo hilo. Kasoro ni ya waliosoma Baltimore wakaiacha Buganda.

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Adu na Magarini? Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea imekuwa jukumu la kaunti. Mtoto wa miaka minne anayefikishwa darasani kwa mara ya kwanza, huku mama akigeuka kwenda kutafuta maji au kibarua, yumo katika hali ngeni ya kweli, na haina dakika 20. Ina asubuhi nzima. Akilia, mwalimu ana njia mbili. Aweza kumtisha anyamaze, na mtoto atanyamaza, kwa maana hofu hunyamazisha. Au aweza kumbembeleza, amjue kwa jina, ajue kilio chake cha njaa na cha upweke, mpaka mtoto apate bandari ya pili hapo shuleni. Wa kwanza amepata darasa lenye kimya. Wa pili amepata mtoto atakayethubutu kuuliza swali, na bila swali hakuna elimu.

Nakiri kuwa si rahisi kumjua kila mtoto pale mwalimu mmoja anapokabidhiwa darasa lililofurika. Hapo lawama si ya mwalimu, ni ya wapangao bajeti. Wanaohesabu majengo na madawati wahesabu pia mikono ya kubembeleza, kwani watoto hawaambati kuta.

Nanyi wanafunzi wa ualimu, mtakapofika katika ukurasa wenye jina la Ainsworth, msilikariri kama la mgeni. Andikeni pembeni mwake Kampala, 1954. Andikeni pia Katie Kibuka. Kisha nendeni kwa mama zenu na nyanya zenu, mkawaulize kwa lugha zao jinsi walivyotofautisha kilio na kilio, na majibu yao myaweke katika maandishi. Utafiti wa aina hiyo ulifanywa mara moja katika vijiji vyetu na mgeni aliyekuwa na daftari, subira na mkalimani mwema. Sisi hatuhitaji mkalimani.